Hodi Isiyojibiwa: Hitilafu za Muunganisho katika Programu za Gumzo

Programu ya gumzo inapogoma kuunganika, malalamiko husikika kwa maneno mawili tu: "Mtandao hakuna." Maneno hayo hutumiwa kwa kila hali, iwe ni kosa la herufi moja katika anwani, iwe ni seva iliyozimwa, iwe ni umeme uliokatika penye mnara. Kwa hakika yanafunika hitilafu tano au sita zisizo na udugu baina yao, na kila moja ina mahali pake na dawa yake. Madhara ya kuzichanganya si madogo. Mwanafunzi aliyepangiwa kukutana na msimamizi wa tasnifu yake kwa gumzo la jioni huhesabiwa mtoro; mtunza kompyuta wa chuo hulaumiwa kwa kosa la seva iliyo bara jingine; na mega zilizonunuliwa kwa fedha ya chakula huteketea katika kurudia jambo ambalo siku ile lisingeweza kufanikiwa kwa namna yoyote.

Makala haya yanachukua mfano wa IRC, ambayo ni kongwe kuliko programu nyingi za gumzo zinazotumika hadi leo. Ilitungwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, nchini Finland, mwezi wa Agosti 1988. Kanuni zake ziliandikwa mwezi wa Mei 1993 na Oikarinen pamoja na Darren Reed, zikaachwa wazi kwa yeyote apendaye kutunga programu au kuendesha seva. Uwazi huo ndio ulioiponya. AIM ilifungwa na wenyewe mwaka 2017, Yahoo! Messenger mwaka 2018, ICQ mwaka 2024. Aliyezihifadhi katika kompyuta yake ya zamani hana marekebisho ya kufanya, kwa kuwa upande wa pili hapana tena wa kuitika. IRC haina mwenyewe mmoja awezaye kuifunga, na mpaka leo watunzi wa programu huria na wahariri wa Wikipedia wana vyumba vyao humo.

Lakini sababu kubwa ya kuichagua ni nyingine. IRC husema kosa lake waziwazi. Programu za siku hizi humwonyesha mtumiaji kiduara kinachozunguka na neno la kumsihi angoje, zikificha kilichotokea. IRC humwandikia, kwa Kiingereza kikavu, jambo lililotokea na pengine namba yake. Kwa mtu anayetaka kujifunza jinsi muunganisho unavyovunjika, hakuna mwalimu bora kuliko huyo mkavu wa maneno.

Njia na hodi

Mstari mmoja wa gumzo hupita mikono mingi. Hutoka katika programu ya mtumiaji, hupita kwenye mtambo wa chuo au mnara wa simu, huingia katika mtandao wa kampuni ya mawasiliano, huvuka kebo au setilaiti, hufika kwenye seva ya gumzo. Na kwa kuwa mtandao wa IRC ni seva nyingi zilizofungamanishwa, huenda mstari huo ukarushwa kutoka seva hadi seva kabla ya kumfikia msomaji wake. Kila kiungo chaweza kukatika peke yake huku vingine vikiwa vizima.

Kompyuta mbili, kabla ya kuanza kuzungumza, hubishiana hodi. Ya kwanza hupeleka ombi fupi. Ya pili hujibu kuwa imelipokea na iko tayari. Ya kwanza huthibitisha kuwa jibu limefika. Ndipo maneno yenyewe yaanze. Aliyelelewa katika desturi ya hodi, karibu na "nimekaribia" hahitaji maelezo marefu hapa. Hodi hiyo hubishwa kwenye mlango wenye namba, kwa maana kompyuta moja yaweza kuwa na huduma nyingi, kila moja na mlango wake. Kwa mazoea ya miaka mingi IRC husikiliza kwenye mlango wa 6667. Muunganisho uliofichwa kwa usimbaji hutumia mlango wa 6697, namba iliyosajiliwa rasmi mwaka 2014.

Kabla ya hodi, hata hivyo, sharti nyumba ijulikane. Watu hutumia majina, kompyuta hutumia namba, na kati yao zipo seva za majina ambazo kazi yake ni kugeuza jina kuwa namba. Programu ikiandika "Unable to resolve", au maneno yanayofanana na hayo, maana yake ni kwamba namba haikupatikana: hodi haijabishwa kabisa, na seva ya gumzo haina habari kuwa kuna mtu amemtafuta. Mara nyingi chanzo ni kidogo, kama vile mkato uliowekwa mahali pa nukta. Pengine jina lenyewe limepitwa na wakati. Mwezi wa Mei 2021 wahudumu wengi wa kujitolea waliihama freenode, iliyokuwa mtandao mkuu wa IRC kwa watunzi wa programu huria, wakaanzisha Libera.Chat, makala za mafunzo zilizoandikwa kabla ya hapo bado zinataja anwani za kale, na wanafunzi bado wanazinakili.

Kipimo cha haraka ni amri ya ping kuelekea namba inayojulikana kujibu, kama 8.8.8.8. Namba ikijibu huku majina yote hayajulikani, njia ni nzima na kitabu cha majina ndicho kilichokosekana. Dawa ni kuandika katika kompyuta anwani ya seva nyingine ya majina. Namba isipojibu, uamuzi usifanywe haraka, maana baadhi ya taasisi huzuia ping makusudi.

Kwamba jambo la majina si dogo, ulimwengu ulishuhudia tarehe 4 Oktoba 2021. Siku hiyo mabadiliko yaliyofanywa ndani ya mitambo ya kampuni ya Facebook yaliondoa njia zinazoelekea kwenye seva zake za majina, na WhatsApp ikanyamaza duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Watu wasiohesabika walizima na kuwasha simu zao, wengine wakaifuta programu na kuipakua upya. Simu hazikuwa na kosa lolote.

Kukataliwa si kutojibiwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Programu ya IRC inaposhindwa kuingia huandika mojawapo ya sentensi mbili ambazo wasomaji wengi huzichukua kama ndugu pacha: "Connection refused" na "Connection timed out". Ya kwanza ni kukataliwa, ya pili ni kutojibiwa, na tofauti yake ni kubwa.

Kukataliwa ni jibu. Hodi imebishwa, imefika, na sauti imetoka ndani kusema kuwa mlango huu hauna mtu. Kwa hiyo kompyuta ni nzima, njia ni nzima, jina ni sahihi. Kilichobaki ni mlango. Huenda namba ya mlango imekosewa, au programu ya seva imesimamishwa kwa matengenezo ilhali mtambo wenyewe unaendelea kufanya kazi. Mtu aliyepata jibu hili hana haja ya kununua mega nyingine wala kuhama kiti kutafuta mawimbi. Aitazame namba ya mlango, ajaribu seva nyingine ya mtandao uleule, au asubiri. Tena asifikiri kuwa yeye kwa nafsi yake amekataliwa: wakati huo seva haijaliona hata jina lake.

Kutojibiwa ni kimya. Hodi imebishwa, muda umepita, hakuna aliyeitika, na mbisha hodi hawezi kujua kama mwenye nyumba hayupo, amelala, au sauti imezuiwa njiani. Katika vyuo na maofisi, kisa cha tatu ndicho kitokeacho mara nyingi. Mitambo ya ulinzi inayokaa mlangoni mwa mtandao wa taasisi mara nyingi huagizwa kuimeza kimyakimya hodi yoyote iendayo kwenye mlango wa 6667. Agizo hilo lina historia: wahalifu waliozoea kuteka kompyuta za watu walizitumia seva za IRC kuziamrisha kompyuta hizo kutoka mbali, na watunza mitandao wengi waliona ni salama kuufunga mlango mzima. Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Kurasa za kawaida zikifunguka huku gumzo likinyamaza, mlango wa 6697 ujaribiwe. Nao ukinyamaza, programu ileile ijaribiwe kwa mtandao wa simu badala ya ule wa chuo. Ikiunganika huko, mzuiaji ni chuo. Mitandao kadhaa, Libera.Chat ikiwa mojawapo, ina gumzo linalofunguka ndani ya ukurasa wa wavuti, na hilo hupita mlango wa 443 ambao karibu kila taasisi huuacha wazi. Linalopaswa kuepukwa ni lile shauri litolewalo kwa wepesi, la kuuzima ulinzi wote wa kompyuta "ili ipite". Kuvunja ukuta kwa sababu ufunguo umepotea si ufundi.

Suala hili lina upande wake wa lugha, na wafasiri wa programu wangefaa kulitia maanani. Kiswahili kina "kukataliwa", kina "kutojibiwa", kina "kutojulikana" na kina "kukatika". Hakuna upungufu wa msamiati wa kuusingizia. Mfasiri anayezitia taarifa zote hizo katika kifungu kimoja cha "imeshindikana kuunganisha" anamnyang'anya mtumiaji kitu pekee ambacho kingemwonyesha pa kuanzia. Hafadhali Kiingereza kilichobaki kama kilivyo kuliko tafsiri inayofuta habari. Na pale ambapo mwalimu wa isimu anatafuta zoezi la istilahi kwa wanafunzi wake, taarifa hizi chache zingemfaa kuliko orodha ndefu ya majina ya sehemu za kompyuta.

Saa ya kompyuta na anwani ya pamoja

Muunganisho uliofichwa kwa usimbaji huleta hitilafu yake ya pekee. Seva huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na programu hukilinganisha na saa ya kompyuta. Katika kompyuta kuukuu ile betri ndogo inayotunza saa ikiisha, kila umeme ukatikapo kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Basi cheti halali huonekana kana kwamba hakijazaliwa, na programu hukataa kuingia. Taarifa huzungumzia usalama na kumtisha mtumiaji, ilhali dawa ni kusahihisha tarehe, na baadaye kununua betri. Aidha, kompyuta na simu ambazo hazijapata masasisho kwa miaka mingi zilipata shida tarehe 30 Septemba 2021 ilipofika, siku ambayo cheti kimoja kikuu kilichotegemewa na tovuti na seva nyingi sana kilikwisha muda wake.

Baada ya hodi kuitikiwa, bado seva yaweza kumrudisha mgeni. Kwa wanafunzi wa vyuo vyetu sababu moja yafaa kuelezwa kwa urefu. Chumba cha kompyuta chenye viti arobaini mara nyingi hutoka kwenye intaneti kwa anwani moja tu ya nje, kwa kuwa mtambo wa chuo huzificha kompyuta zote nyuma ya namba moja. Seva iliyo mbali haioni chumba wala viti. Inaona mtu mmoja anayejaribu kuingia mara arobaini. Seva nyingi zimewekewa idadi ya juu ya miunganisho kutoka anwani moja, ili kuzuia wavurugaji wanaojizidisha. Wanafunzi wachache wa kwanza huingia, waliobaki huambiwa kuwa miunganisho imezidi, na baya zaidi, mmoja akivuruga na kufungiwa, wote arobaini hufungiwa pamoja naye. Hapo mwanafunzi asiye na hatia husoma kwenye kioo kwamba yeye amepigwa marufuku. Kuna waliojiona wametengwa kwa ajili ya nchi yao, na dhana hiyo yaeleweka. Lakini chanzo chake ni uhaba wa anwani, si chuki. Mwanafunzi mwenyewe hana la kufanya. Anayeweza ni mtunza mtandao wa chuo, awaandikie wasimamizi wa mtandao wa gumzo, ataje anwani ya chuo na idadi ya watumiaji, na kuomba kikomo kiongezwe. Maombi ya namna hiyo ni ya kawaida, nayo hupokelewa. Kabla ya darasa linalokusudia kutumia gumzo, barua hiyo ni sehemu ya maandalizi kama ilivyo chaki.

Kisa kingine ni cha kungoja tu: baadhi ya seva, kabla ya kumpokea mgeni, hurudi kuiuliza kompyuta yake ni nani, kwa mlango wa 113. Mtambo wa ulinzi ukilimeza swali hilo, seva husubiri kwa sekunde kadhaa kisha huendelea. Wenye haraka hukata na kuanza upya, na hivyo hawaingii kamwe.

Kukatika katikati ya mazungumzo

Aliyekwisha kuingia naye hukatika. Kila baada ya muda seva hupeleka neno PING, na programu ya mtumiaji hupaswa kujibu PONG, bila mtumiaji mwenyewe kuona lolote. Jibu lisipofika kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni dakika kadhaa, seva humwondoa na kuwaandikia waliobaki chumbani "Ping timeout". Wengi hudhani kosa ni la mwendo wa polepole wa setilaiti. Hesabu inakanusha. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Ujumbe kupanda na kushuka huchukua kama robo sekunde, na jibu robo nyingine. Katika simu ya sauti nusu sekunde huudhi, lakini mbele ya seva inayosubiri kwa dakika si kitu. Kabla ya kebo ya WACS kuunganishwa Muanda mwaka 2013, mawasiliano ya Kongo na intaneti ya nje yalitegemea sana setilaiti, na gumzo liliwezekana. Kinachokata ni ujumbe kupotea, wala si kuchelewa: mvua kubwa, umeme kukatika penye antena, au simu inayoilaza programu usingizini ili kuhifadhi betri. Hili la mwisho ndilo liwapatalo zaidi watumiaji wa simu, na dawa yake iko katika mipangilio ya simu, panaporuhusiwa programu kuendelea kufanya kazi nyuma ya nyingine.

Aliyekatika hivyo akirudi mara moja, hukuta lakabu yake imeshikwa. Hajaibiwa. Seva haijatambua bado kuwa yule wa kwanza ameondoka, na kivuli chake kingali chumbani. Ataingia kwa lakabu ya muda, kisha atasubiri kivuli kitoweke. Au, kama alisajili lakabu yake, ataitaka huduma ya lakabu imwondoe. Amri hiyo hubeba neno la siri, na ikiandikwa kizembe chumbani badala ya mahali pake, wote hulisoma.

Wakati mwingine watu ishirini huondoka kwa sekunde moja. Hapo si watu waliokatika bali ni kamba kati ya seva mbili. Kila upande hujiona umeachwa, na zikiungana tena wote hurejea. Wa kufanya jambo hapo hayupo. Kuna pia anayefukuzwa kwa wingi wa maneno. Mwanafunzi anayebandika chumbani kurasa mbili za utenzi ili zijadiliwe, hutolewa na seva kwa sababu ya "Excess Flood", kwani mistari mingi kwa mkupuo huchukuliwa kuwa ni uvurugaji. Beti zipelekwe chache chache, au utenzi uwekwe mahali pengine na anwani yake itajwe.

Mwisho ipo hali ambayo haimo katika kompyuta, wala katika seva, wala katika kamba. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini Kongo, ikarudishwa mwezi wa Januari 2019. Dalili zake hazifanani na hitilafu ya kawaida: milango yote hunyamaza, majina na namba pamoja, kwa kampuni hii na ile, kwa jirani na kwa mbali. Anayekuta hali hiyo asipoteze usiku wake akisakinisha upya programu.

Inapobidi kuomba msaada, taarifa iwe na jina la seva, namba ya mlango, maneno ya kosa kama yalivyoandikwa bila kufasiriwa, na saa. Saa ndiyo huwapotosha wasimamizi walio mbali, kwa sababu wao hupekua kumbukumbu za seva kwa saa ya kimataifa. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya saa hiyo, Kinshasa saa moja. Anayehesabu kwa desturi ya Kiswahili akaandika kuwa alikatika saa tatu usiku akiwa Lubumbashi, hana budi kuandika 19:00 UTC. Akiandika tatu, kumbukumbu zitafunguliwa kwenye usiku wa manane, ambapo hakuna lolote lililotokea.